Kreatinini na Akina Mama wa Brussels



Mtu akitaja Brussels, wengi tunafikiria Umoja wa Ulaya, chokoleti, au yale mambo ya Leopold na Kongo. Madaktari wa figo wao hukumbuka akina mama waliotaka kupungua mwili.

Mwaka 1992 walipatikana hapa wanawake wawili, wote chini ya miaka 50, figo zao zinakufa mbio mbio. Wote walikuwa wamepitia kliniki moja ya kupunguza unene. Jean-Louis Vanherweghem wa hospitali ya Erasme na wenzake wakawatafuta wengine waliotibiwa pale, wakapata saba zaidi, wakaandika katika jarida la Lancet mwaka 1993. Baadaye idadi ikapita 100. Kumbe tangu 1990 dawa ya kliniki ilichanganywa na mitishamba ya Kichina. Iliyoandikwa ni Stephania tetrandra, iliyotiwa ni Aristolochia fangchi, kwa kuwa majina yao ya Kichina yanakaribiana. Sisi tunaojua mti mmoja unavyobadilika jina kila kijiji hatuna haja ya kushangaa sana.

Sasa angalieni jambo hili. Mkojo wa wagonjwa hao ulikuwa karibu safi, protini kidogo tu. Kilichosema ukweli ni kreatinini ya damu, taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye mkojo. Nayo ni shahidi mchelewaji: kazi ya figo inaweza kupungua karibu nusu, na namba bado inaonekana ya kawaida.

Kipimo chenyewe ni cha zamani mno. Mwaka 1886 Max Jaffe, kule Königsberg (leo Kaliningrad), alichanganya mkojo na asidi ya pikriki, akatia alkali, ukageuka rangi ya chungwa inayoelekea wekundu. Hakuwa anatafuta kipimo. Ni Otto Folin, Mswidi aliyehamia Marekani (mhamiaji mwenzetu!), ambaye mwaka 1904 alilinganisha ukali wa rangi ile na ya dikromati ya potasiamu, akapata kiasi. Asidi hiyo hiyo, ikikauka, hulipuka. Ilijazwa kwenye makombora ya mizinga ya vita. Maabara nyingi bado zinatumia njia ya Jaffe kwa sababu ni rahisi. Kwenye mkojo inafaa, maana kreatinini ni tele. Kwenye damu inadanganywa na sukari, protini na asetoni, ndiyo maana wenye uwezo wamehamia vimeng'enya.

Akina mama wale hawakuishia kwenye dialisisi. Mwaka 2000 Joëlle Nortier na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 39 waliokubali kuondolewa figo na mirija yake kwa tahadhari: 18 walikutwa na saratani.

Kuna jingine linalotugusa sisi weusi. Kanuni ya mwaka 2009 ya kugeuza kreatinini kuwa kiwango cha kazi ya figo, iliyotungwa Marekani, ilizidisha jibu la mtu mweusi kwa 1.159. Yaani damu ile ile, lakini figo zako zinahesabiwa nzima zaidi kuliko za jirani Mzungu, na foleni ya kupandikizwa unaingia baadaye. Iliondolewa mwaka 2021. Mimi ni mtu wa Mombasa, mke wangu Mfleming. Binti yetu angezidishwa kwa ngapi?