Hata Uingereza magari huchinjwa: historia ya miguu ya Mini

Shemeji yangu aliniuliza kwenye simu: "Hivi huko Uingereza nako watu wanachinja magari kupata spea, au gari likiharibika linatupwa?" Shemeji, wanachinja sana tu, na leo nakujibu kwa mfano wa gari ambalo wazee watalikumbuka, yaani Mini.

Mini ilitoka 1959. Mwaka 1956 kulikuwa na mgogoro wa Suez, petroli ikaadimika, na kampuni ya BMC ikataka gari dogo lisilokunywa sana mafuta. Aliyelibuni ni Alec Issigonis, mzaliwa wa Smyrna, mji ambao leo ni Izmir, Uturuki. Alifika Uingereza akiwa kijana baada ya vita kuwafukuza kwao. Kwa hiyo gari wanalojivunia Waingereza lilichorwa na mhamiaji kama sisi!

Kwa kuwa gari lilikuwa dogo, springi za kawaida zingekula nafasi. Rafiki yake Alex Moulton, ambaye ukoo wake ulikuwa na kiwanda cha mpira, akatengeneza springi za raba nene. Zilikuwa imara, ila gari lilirukaruka. Mwaka 1964 zikaletwa springi za maji, zilizoitwa Hydrolastic. Gurudumu la mbele likipanda tuta, maji husukumwa kwenye bomba hadi mguu wa nyuma wa upande uleule, na gari linabaki sawa. Hata shokapu hazikuwepo, maana kazi yake ilifanyika humohumo ndani.

Tatizo lilikuwa gharama. Kuanzia 1969 Mini nyingi zikarudishiwa raba, na kufikia 1971 springi za maji zikaisha kabisa kwenye Mini. Raba ikaendelea hadi gari la mwisho, Oktoba 2000. Waliobaki na Mini za maji wakapata taabu. Bomba likivuja, gari linalala chini upande mmoja, na kulinyanyua kunahitaji pampu maalumu ambayo gereji nyingi hazina.

Hapo ndipo kuchinja kulipoanza. Jirani yangu, mzee mstaafu, ana Mini ya 1967. Alinunua nyingine ya miaka ya themanini, bodi imeoza, kwa ajili ya miguu tu. Huwezi kubadilisha mguu mmoja, kwa sababu mbele na nyuma vimeunganishwa. Alihamisha fremu ndogo zote mbili zinazobeba magurudumu, raba zake, kisha akafunga shokapu. Na fremu ya nyuma lazima uigongegonge kwanza, maana chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi huila kwa kutu.

Sasa magari ya kuchinja yenyewe yamepungua. Mwaka 2003 zilikuja sheria kali za kuvunja magari. Mwaka 2009 serikali na makampuni wakaanza kutoa punguzo la pauni 2,000 kwa anayesalimisha gari kuukuu ili anunue jipya. Mengi yakasagwa na spea zake nzima ndani. Nilipofikiria mafundi wetu wa Gerezani wanavyoweza kufufua gari kwa mlango wa hili na gia ya lile, niliumia.

Ila kuna upande wa pili. Wapenzi wa magari ya kale sasa wanatafuta Mini zenye maji yake ya asili, na kila aliyeng'oa yake amepunguza idadi. Nilimwuliza mzee kama hajutii. Akanijibu kwamba gari lisilotembea ni banda la kuku. Mimi naona ana haki, lakini nilimshauri asitupe vile vyombo vya maji. Amevifunga kwenye mifuko, viko darini.

Shemeji, na wewe usiuze skrepa lile gari lako la uani kabla hujalitazama miguu. Wasalimieni wote.