Mipigo miwili au minne? Historia ya pikipiki iliyofungua vijia vya milima

Katika Shabunda, Walikale na Fizi kuna vijiji vingi ambako gari halifiki. Huko pikipiki ndiyo gari, ndiyo lori, na siku nyingine ndiyo ambulansi. Kwa miaka mingi muganga aliyebeba sanduku la chanjo alipita huko juu ya Yamaha ndogo yenye sauti kali na moshi wa bluu: AG100 au DT125, zote za mipigo miwili. Leo wamotari wa mijini karibu wote wanapanda pikipiki za mipigo minne kutoka India na China. Lakini kila mara mtu anapopata pesa ya kununua pikipiki ya kupandia milima, swali moja hurudi kwa mafundi: ile ya mipigo miwili bado ina faida?

Jibu limo ndani ya historia yake. Pikipiki hiyo haikushinda vijia vya porini kwa sababu ya nguvu peke yake. Ilishinda kwa wepesi. Na wepesi huo una deni, ambalo mwenye pikipiki hulipa kila siku.

Injini isiyo na valvu

Injini ya mipigo minne huvuta hewa na esansi, huibana, huiwasha, kisha hutoa moshi. Pistoni hupanda na kushuka mara mbili ili moto uwake mara moja. Ndani yake kuna valvu, kemu, na mnyororo au fimbo za kuvisukuma, pamoja na oili inayozunguka chini.

Injini ya mipigo miwili huwasha moto kila pistoni inapofika juu. Pistoni ikipanda, inabana esansi upande wa juu, na wakati uleule inavuta esansi mpya chumba cha chini. Ikishuka, inafungua matundu ya ukuta wa silinda: moshi unatoka, esansi mpya inaingia. Hakuna valvu za juu wala kemu. Ndiyo maana fundi mwenye funguo chache anaweza kufungua kichwa cha silinda chini ya mti, akabadili pistoni na ringi, na mwenye pikipiki akaondoka siku hiyohiyo.

Mskoti Dugald Clerk alipata hataza ya injini ya mipigo miwili mwaka wa 1881. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1891, Joseph Day wa mji wa Bath, Uingereza, alitumia chumba cha chini ya pistoni kama pampu. Mfanyakazi wake Frederick Cock akaongeza tundu la tatu lililofunguliwa na pistoni yenyewe. Umbo hilo ndilo mzizi wa pikipiki zote za mipigo miwili zilizofuata.

Kutoka Zschopau hadi Japani

Mji mdogo wa Zschopau, jimbo la Saxony huko Ujerumani, ndio ulioifanya injini hiyo kuwa mali ya watu wa kawaida. Mdenmarki Jørgen Skafte Rasmussen alianzisha huko kiwanda cha DKW, na mwishoni mwa miaka ya 1920 kilikuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani kwa pikipiki. Watu hawakuwa na pesa ya mashine nzito. DKW iliwapa mashine nyepesi.

Miaka ya 1930 DKW ilianza kutumia uvumbuzi wa mhandisi Adolf Schnürle. Kabla yake pistoni ilikuwa na nundu juu ya kichwa ili kuelekeza esansi, na nundu hiyo ilipata joto kali. Schnürle aliyageuza matundu ili esansi izunguke yenyewe ndani ya silinda. Pistoni ikawa bapa na nyepesi, na injini ikatumia esansi kidogo zaidi. Mwaka wa 1939 ikatoka RT 125, pikipiki ndogo iliyobuniwa na Hermann Weber.

Vita vikaisha, Ujerumani ikashindwa, na michoro ya RT 125 ikachukuliwa na washindi. Urusi ya Kisovieti ilitengeneza Moskva, Uingereza ikatengeneza BSA Bantam mwaka wa 1948, na Marekani Harley-Davidson ikatoa ya kwake ya 125. Mwaka wa 1955 kampuni ya Japani iliyojulikana kwa piano na vinanda ikatoa pikipiki yake ya kwanza, YA-1, kwa kufuata mfano uleule. Mwezi wa saba mwaka huo YA-1 ilishinda daraja la 125 katika mashindano ya kupanda mlima Fuji. Kampuni hiyo ni Yamaha. Hivyo ile AG100 ya mganga wa Kivu ina babu yake Zschopau.

Siri ya bomba la moshi

Kiwanda cha Zschopau kilibaki Ujerumani Mashariki kikaitwa MZ. Hapo mhandisi Walter Kaaden aligundua namna ya kulitumia bomba la moshi. Bomba lake lilipanuka katikati kisha likafinyika, hivyo wimbi la moshi lilirudi nyuma na kuisukuma ndani esansi iliyotaka kutoroka. Nguvu ya injini iliongezeka sana bila kuongeza kipande chochote kinachozunguka.

Septemba 1961 mpandaji wake Ernst Degner alitoroka wakati wa mashindano huko Sweden, akaenda kwa Suzuki na ujuzi huo. Mwaka uliofuata alikuwa bingwa wa dunia wa daraja la 50 juu ya Suzuki. Kuanzia hapo Wajapani waliongoza.

Lakini bomba la Kaaden lilileta pia jambo ambalo mnunuzi wa leo anapaswa kulijua. Injini iliyotengenezwa kwa mbio hulala usingizi chini, halafu huamka ghafla ikizunguka kwa kasi. Kwenye uwanja wa mashindano hiyo ni faida. Kwenye kijia cha udongo mwekundu chenye bonde upande mmoja, nguvu inayokuja ghafla inaweza kumtupa mtu.

Uzito ndio uliamua

Miaka ya 1960 wengi waliamini kwamba njia mbaya inahitaji mashine kubwa. Sammy Miller wa Belfast alikuwa ameshinda mara nyingi kwa Ariel ya 500, mipigo minne. Mwishoni mwa 1964 alihamia Bultaco ya Uhispania, akasaidia kutengeneza Sherpa T ya mipigo miwili, isiyofika kilo 100. Mwaka wa 1965 alishinda nayo mashindano ya siku sita ya Scotland. Mashine kubwa za zamani hazikurudi tena kwa nguvu yao ya kwanza.

Katika mashindano ya kimataifa ya siku sita ilikuwa hivyohivyo. Mwaka wa 1964 yalifanyika Erfurt, na mwigizaji wa sinema Steve McQueen alikuja na timu ya Marekani juu ya Triumph za mipigo minne. Kombe lilichukuliwa na Ujerumani Mashariki waliopanda MZ zao, na walilichukua kila mwaka kuanzia 1963 hadi 1967.

Mwaka wa 1968 Yamaha ilileta DT-1 ya 250. Haikuwa pikipiki ya mbio wala ya lami iliyobadilishwa. Ilitengenezwa tangu mwanzo kwa njia za porini, ikiwa na taa na nguvu inayopanda polepole. Kutoka ukoo huo zilikuja DT125. AG100 nayo ilitengenezwa kwa wakulima, na herufi AG zinatokana na neno la kilimo. Ina kibebeo mbele na nyuma, mnyororo uliofunikwa wote dhidi ya matope, na miguu ya kusimamia pande zote mbili. Haishangazi kwamba mashirika ya afya na ya misaada yaliichukua Afrika. Mahali ilipokwama, watu wawili waliweza kuinyanyua.

Deni la oili

Kwa kuwa chumba cha chini kinapitisha esansi, hakiwezi kukaa na oili. Lazima oili ije pamoja na esansi na kuungua. Kwa kipimo cha 1 kwa 50, lita 20 za esansi hudai mililita 400 za oili. Mtu akikadiria kwa macho kando ya barabara, na chupa ya esansi ya kadhafi ikiwa na maji au vumbi, anacheza na pistoni yake.

Mwaka wa 1964 Yamaha ilileta Autolube, pampu inayopeleka oili kulingana na mwendo na mkono wa mpandaji. Hiyo iliondoa kazi ya kuchanganya, lakini haikuondoa deni. Tangi dogo la oili likisahauliwa, pistoni inashika ndani ya silinda na gurudumu la nyuma linaweza kufunga.

Mteremko mrefu ni hatari nyingine. Injini ya mipigo minne husaidia kuzuia pikipiki mtu akiachia esansi. Ya mipigo miwili huzuia kidogo sana, breki ndizo zinabeba mzigo. Na kwa injini ya kuchanganya mwenyewe, kufunga esansi ni kufunga oili pia wakati injini ingali inazunguka kwa kasi. Wapandaji wa zamani hufungua esansi kidogo kila baada ya muda, au hushika klachi.

Kimo nacho kina sauti. Uvira iko kando ya Tanganyika, karibu mita 770, na milima iliyo juu yake inapita mita 2000. Kabureta iliyorekebishwa juu, kwenye hewa nyembamba, ikishuka ziwani hutoa esansi kidogo kuliko hewa inavyotaka. Injini inapata joto. Fundi mwema huangalia rangi ya buji: ikiwa nyeupe, ni onyo.

Tena kuna moshi. Sehemu ya esansi hutoka bila kuungua, na sheria za hewa safi za Marekani na Ulaya ziliiondoa mipigo miwili barabarani. Mwaka wa 1998 Yamaha yenyewe iliuza YZ400F, ikaonyesha kwamba mipigo minne inaweza kushinda hata motokrosi. Lakini kwenye mashindano makali ya miamba kama Erzbergrodeo ya Austria, yaliyoanza 1995, wapandaji wengi wamebaki na mipigo miwili, kwa sababu ileile ya Miller. KTM ilianza mwaka wa 2017 kuuza za enduro zinazopulizia esansi bila kabureta.

Anayechagua aangalie nini

Historia hii haimtangazi mshindi mmoja. Paris-Dakar ya kwanza, iliyoanza mwisho wa 1978, Cyril Neveu aliishinda kwa Yamaha XT500 ya mipigo minne, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu na esansi ilikuwa mbali. Kwa kubeba watu wawili na gunia siku nzima kati ya Goma na Sake, mipigo minne hula esansi kidogo na hudumu.

Mipigo miwili inamfaa anayepita peke yake kwenye kijia kibaya, anayevuka mito na kunyanyua pikipiki kwa mikono. Huyo achague ya ukoo wa DT au AG, si ya motokrosi isiyo na taa inayotaka kuzungushwa kwa kasi kila wakati. Kabla ya kulipa, injini iwashwe ikiwa baridi na isikilizwe: pistoni iliyolegea hugonga. Pampu ya oili ifunguliwe ionekane kama inafanya kazi. Aulize pia kama ringi na pistoni za saizi hiyo zinapatikana sokoni, na kama oili ya mipigo miwili inauzwa huko anakoenda.

Mambo hayo mawili ya mwisho ndiyo mazito. Pikipiki nyepesi ikiazimwa na watu watano bila mmoja anayewajibika kwa oili, itakufa mapema. Na sanduku la chanjo halisubiri: barafu ikiyeyuka njiani, watoto waliopangwa mstari watarudi nyumbani bila sindano. Kwa hiyo shirika au kituo cha afya kinachonunua mashine ya mipigo miwili kinapaswa kumtaja siku hiyohiyo mtu mmoja atakayeshika chupa ya oili na kipimo chake.