Nyani 90,000: Filamu ya Kutisha ya Mwaka wa Ukame na Ukweli Ulioandikwa Gilgil

Miongoni mwa filamu za kutisha zilizopigwa katika ardhi ya Kenya, ni chache zilizodharauliwa na wahakiki na papo hapo zikatunzwa kwa mapenzi na mashabiki wake kama In the Shadow of Kilimanjaro, iliyoongozwa na Raju Patel na kutolewa mwaka 1986. Hadithi yake ni nyepesi kusimulia: ukame mkali unaikumba nchi, chakula cha porini kinakwisha, na nyani 90,000 wenye njaa wanaungana na kuanza kuwawinda binadamu. Waigizaji wakuu walikuwa Timothy Bottoms, anayeigiza mhifadhi wa wanyamapori, John Rhys-Davies, anayeigiza mkuu wa mgodi, na Irene Miracle, anayeigiza mke wa mhifadhi. Filamu hiyo hujitambulisha kwa mtazamaji kuwa imetokana na matukio ya kweli ya ukame wa mwaka 1984, na dai hilo ndilo linaloifanya istahili kuchunguzwa na mwanahistoria, kwa sababu ukame ulikuwa wa kweli, nyani walikuwa wa kweli, na mahali ambapo mgogoro wa nyani na binadamu ulifikia kilele mwaka huohuo panajulikana. Hapakuwa chini ya Mlima Kilimanjaro, bali katika shamba la Kekopey karibu na Gilgil, katikati ya Bonde la Ufa.

Filamu ya aina hii huhesabiwa katika kundi la filamu za wafuasi, yaani filamu ambazo hazikupata soko kubwa wala sifa za wahakiki zilipotolewa, lakini baadaye zikajipatia watazamaji waaminifu wanaozitafuta katika kanda kuukuu, wanaojua majina ya waigizaji wake wadogo, na wanaozipenda pengine kwa sababu ya kasoro zake. Ndani ya kundi hilo umo utanzu wa wanyama walioasi, ambamo kiumbe wa kawaida, au kundi zima la viumbe, humgeukia binadamu. Alfred Hitchcock aliupa utanzu huo heshima mwaka 1963 kwa filamu The Birds, na Steven Spielberg akauletea fedha nyingi mwaka 1975 kwa Jaws, kisha watayarishaji wa bajeti ndogo wakajaza soko la Marekani kwa dubu, buibui na kila mdudu aliyeweza kupigwa picha. Jeffrey Sneller, mmoja wa walioandika mswada wa filamu ya nyani, alikuwa amekwisha kuhusika na Kingdom of the Spiders ya mwaka 1977, ambamo buibui huvamia mji mdogo wa Arizona, na hivyo si ajabu kwamba mji wa nyikani uliozingirwa na viumbe visivyohesabika ulirudi tena, safari hii ukiwa na mandhari ya Afrika Mashariki.

Kabla ya hapo, hofu ya sinema ya dunia kuhusu Kenya ilikuwa imetawaliwa na simba. Bwana Devil ya Arch Oboler, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi Novemba 1952, ilitumia kisa cha simba wa Tsavo waliowaua wajenzi wa reli mwaka 1898, na ikawa filamu ndefu ya kwanza ya Marekani iliyounganisha rangi na vipimo vitatu, yaani mbinu inayomhitaji mtazamaji avae miwani maalumu ili mkuki au makucha yaonekane yakimjia usoni. Oboler aliipiga California. Kwa watayarishaji wa kizazi chake Afrika ilikuwa jina la kutangazia filamu zaidi kuliko mahali pa kwenda kufanyia kazi.

Hali hiyo ilibadilika pale kazi ilipofanyika Kenya kwenyewe, na hapa jina la Sharad Patel haliwezi kurukwa. Muda mfupi baada ya Idi Amin kuangushwa mwezi Aprili 1979, Patel aliongoza The Rise and Fall of Idi Amin, iliyotolewa mwaka 1981 baada ya kupigwa Kenya, huku Mkenya Joseph Olita akimwigiza Amin kwa ufanano uliowashangaza waliomfahamu dikteta huyo kwa picha za magazeti. Kwa sura yake ya nje ni filamu ya kihistoria, na Denis Hills, mhadhiri Mwingereza aliyehukumiwa kifo nchini Uganda mwaka 1975 kisha akaachiliwa, anaonekana humo akijiigiza mwenyewe. Hata hivyo, kwa mbinu zake ni filamu ya kutisha isiyo na haya: uvumi kwamba Amin alikula nyama ya watu unaonyeshwa kama jambo lililothibitishwa, na kamera haigeuki pembeni pale ambapo mwongozaji mwenye staha angeigeuza. Wengi wa vizazi vya Afrika Mashariki vilivyokua na kanda za video walimjua Amin kupitia uso wa Olita kabla ya kusoma ukurasa wowote wa historia, na Olita alimwigiza tena, kwa muda mfupi, katika Mississippi Masala ya mwaka 1991. Sharad na Raju Patel wangetajwa pamoja baadaye kama watayarishaji wa The Jungle Book ya Disney ya mwaka 1994, jambo linaloonyesha kwamba damu na vitisho vilikuwa kwao hatua ya kupandia. Kilichozaliwa katika filamu ya Amin, na kurithiwa na filamu ya nyani, ni kanuni ya kuchukua janga ambalo magazeti bado yanaliandika, kuliongezea uvumi, na kumhakikishia mtazamaji kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Janga la mwaka 1984 halikuhitaji kuongezewa lolote. Mvua ndefu, ambazo kwa kawaida hunyesha kati ya Machi na Mei, zilikosekana, mahindi yakaungua mashambani hata katika maeneo yaliyozoea kulisha nchi, mifugo ikafa, na serikali ikalazimika kuagiza nafaka kutoka nje, yakiwemo mahindi ya manjano kutoka Marekani, ambayo waliokuwa hai wakati huo hawajayasahau, na wala si kwa utamu wake. Filamu iliyotegemea njaa kama chanzo cha hofu ilikuwa, kwa hiyo, imeugusa ukweli mzito zaidi kuliko ilivyojua. Ndege wa Hitchcock hushambulia bila sababu kutolewa, na fumbo hilo ndilo nguvu yao, ilhali nyani wa Raju Patel wana sababu ambayo mkulima yeyote wa Subukia au Njoro angeielewa.

Tatizo ni kwamba nyani hawafanyi hivyo, na hakuna nchi iliyokuwa na ushahidi mwingi zaidi wa jambo hilo kuliko Kenya. Huko Amboseli, ambako Kilimanjaro huonekana waziwazi, Stuart na Jeanne Altmann walianza kuwachunguza nyani mwaka 1963, na tangu mwaka 1971 makundi ya hapo yamefuatiliwa mfululizo, mnyama mmojammoja, kizazi baada ya kizazi. Nyani huishi katika makundi ya makumi, wakati mwingine zaidi ya mia, kila kundi likiwa na eneo lake la kutafutia chakula na sehemu zake za kulala, na mvua inapokosa makundi hayo hayaungani kuwa jeshi bali huchimba mizizi zaidi, husafiri mbali zaidi, na watoto wao hufa zaidi. Idadi ya 90,000 ilikuwa ya kupamba bango.

Hata hivyo, wazo la nyani mla nyama halikutoka hewani, na hapa ndipo Gilgil inapoingia katika historia ya filamu hii, hata kama waandishi wa mswada hawakuitaja. Kekopey lilikuwa shamba kubwa la ng'ombe la familia ya Cole, karibu na Ziwa Elementaita, na mwaka 1970 mtafiti Robert Harding alianza kulichunguza kundi la nyani lililokuja kujulikana kama Pumphouse, yaani kundi la nyumba ya pampu ya maji. Katika saa 1,032 za uchunguzi Harding alirekodi mawindo 47 yaliyouawa na kuliwa na nyani, wengi wao wakiwa sungura na watoto wa swala. Idadi hiyo iliwashangaza wanasayansi waliodhani kwamba nyani hula nyama kwa kubahatisha tu. Shirley Strum, aliyefika mwaka 1972, aliendeleza kazi hiyo na mwaka 1975 alichapisha katika jarida la Science ripoti iliyoonyesha kwamba uwindaji ulikuwa ukikua kama mila ndani ya kundi: madume walianza kwenda mbali kuwatafuta swala na kupokezana katika kumfukuza mmoja hadi achoke, na majike pamoja na watoto wakaingia katika ulaji ambao awali ulikuwa wa madume.

Jambo muhimu zaidi katika rekodi za Kekopey ni mazingira yaliyozaa uwindaji huo. Shambani humo simba na chui walikuwa wamepunguzwa sana ili ng'ombe wawe salama, na swala tomi walikuwa wengi, kiasi kwamba nyani walijikuta katikati ya nyama ambayo hakuna mwindaji mwingine aliyeigombea. Uwindaji uliongezeka kwa sababu ya wingi, si kwa sababu ya njaa, na kwa hiyo filamu ya mwaka 1986 iligeuza mambo juu chini: ilichukua tabia ambayo shibe ya malisho ilikuwa imeiwezesha na kuifanya kuwa tunda la ukame.

Uadui wa kweli ulikuja kwa njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ardhi ya Kekopey iliuzwa kwa chama cha ushirika, ikagawanywa kwa wakulima wadogo, na mahindi yakapandwa pale ambapo makundi ya nyani yalikuwa yamezoea kula nyasi na mizizi. Baadhi ya nyani walijifunza kuvamia mashamba, na wale waliojitenga na kundi la Pumphouse kwa ajili ya mahindi wakaitwa na watafiti kwa neno la Kiswahili, Wabaya. Kwa miaka kadhaa Strum na wenzake walitafuta njia za kuwazuia, ikiwemo kuwafukuza, kuwarushia kwa vipaza sauti milio ya hofu iliyorekodiwa, na kutia katika chakula dawa inayochafua tumbo ili mnyama aihusishe ladha ya mahindi na kichefuchefu. Hakuna iliyofua dafu kwa muda mrefu. Mwaka 1984, mwaka uleule ambao filamu inaudai, makundi matatu yalinaswa na kuhamishiwa Laikipia, katika mojawapo ya majaribio ya kwanza ya kisayansi ya kuwahamisha nyani wa porini na kuendelea kuwafuatilia. Simulizi ya miaka hiyo imo katika kitabu cha Strum, Almost Human, kilichotoka mwaka 1987.

Mtu anayelinganisha simulizi hizo mbili anaona kwamba mwelekeo wa uvamizi umegeuzwa. Katika filamu mnyama hutoka nyikani na kuuzingira mji. Huko Kekopey, mji, kwa maana ya uzio, jembe na hati ya shamba, ndio uliokwenda nyikani. Wala haimaanishi kwamba mkulima alikuwa mkosaji, kwani familia iliyosubiri ardhi kwa miaka mingi na kisha ikapoteza zao lote asubuhi moja ilikuwa na kila sababu ya kumchukia nyani. Leo jina la eneo hilo, ambalo wengi huliandika Kikopey, huwakumbusha wasafiri wa barabara ya Nairobi kwenda Nakuru nyama choma zaidi ya sayansi.

Mwaka 1984 ulizaa pia Sheena ya John Guillermin, iliyopigwa Kenya kwa gharama kubwa, ikaanguka vibaya sokoni, na kupata wafuasi wake baadaye. Punda milia anayepandwa na shujaa wake, Tanya Roberts, alikuwa farasi aliyepakwa rangi, na Elizabeth wa Toro, binti mfalme na mwanadiplomasia wa Uganda, aliigiza mganga. Katika tukio moja kundi la heroe huishambulia helikopta. Mkazi wa Nakuru, aliyezoea kumwona ndege huyo akiwa ameinamisha kichwa siku nzima akichuja mwani kwenye maji ya magadi, ana haki ya kucheka kuliko mtazamaji mwingine yeyote duniani.

Jinsi filamu hizi zilivyoendelea kuishi ni suala la teknolojia zaidi kuliko ubora. Kumbi za sinema kama Odeon na Eros mjini Nakuru zilianza kukosa watazamaji mara kanda za video zilipoingia nyumbani na katika vibanda, na filamu ambayo ukumbi ungeionyesha kwa siku chache sasa iliweza kurudiwa hadi kanda ikachakaa. Baadaye wakaja wasimulizi, DJ Afro akiwa maarufu kuliko wote nchini Kenya, ambao huweka juu ya sauti ya filamu masimulizi yao ya Kiswahili na Sheng', wakiwapa wahusika majina mapya na mizaha isiyokuwamo. Filamu dhaifu mara nyingi hunufaika zaidi na utaratibu huo kuliko filamu nzuri, kwa kuwa ina nafasi nyingi zaidi za kujazwa.

Watengenezaji wa Kenya wa kizazi cha sasa wameiendea hofu kwa njia tofauti. Shimoni ya Angela Wanjiku Wamai, iliyotoka mwaka 2022 na kushinda tuzo ya shaba katika tamasha la FESPACO mjini Ouagadougou mwaka 2023, inamfuata Geoffrey, mwalimu wa zamani aliyetoka gerezani na kupelekwa kufanya kazi katika shamba la ng'ombe wa maziwa la kanisa, kijijini alikokulia, ambako anakutana na kiumbe kinachomtisha tangu utotoni. Filamu hiyo huazima giza, ukimya na mshtuko wa sinema ya kutisha, lakini hofu yake inatokana na jambo ambalo wanakijiji wanalijua na hawalisemi, na sehemu kubwa ya hofu hiyo hupita wakati ng'ombe wanakamwa na maziwa yanapimwa kama siku nyingine yoyote.