Hesabu Iliyohamisha Nondo

Wenzangu tuliosoma hapa, nanyi wanafunzi wa leo, zege la nondo halikuanza kwa hesabu. Joseph Monier, mtunza bustani wa Ufaransa, alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1867 kwa vyungu vya mimea vya saruji iliyotiwa chuma.

Mwaka 1886 Mathias Koenen, mhandisi wa serikali mjini Berlin, alichapisha njia ya kukokotoa. Boriti ikilemewa na mzigo, upande wa juu hubanwa na wa chini huvutwa. Zege huhimili sana kubanwa, lakini kuvutwa huhimili kiasi cha sehemu moja ya kumi tu. Basi chuma kikae panapovutwa.

Katika roshani iliyochomoza ukutani mambo hugeuka: panapovutwa ni juu. Katika kazi yangu ya ukaguzi nimekuta nondo za roshani zimekanyagwa na mafundi hadi zikalala chini. Idadi yake ilitimia, mahali sipo. Tulisimamisha umwagaji wa zege mpaka zilipoinuliwa.

Kijana unayeuliza hesabu za nguvu zitakufaa nini, kumbuka kuwa watu watasimama juu ya jibu lako.