Kuzorota kwa Habari za Uchunguzi: Yaliyoipata Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Wengi wanaojadili historia ya magazeti siku hizi hudai kwamba habari za uchunguzi zimeuawa na intaneti. Matangazo yamehamia mtandaoni, vyumba vya habari vimepunguza watu, na mhariri hana tena fedha za kumweka mwandishi miezi 3 akifukua jambo moja. Kwa London au Nairobi maelezo hayo huenda yanatosha. Kwa Palma na Mocímboa da Praia hayatoshi hata kidogo. Huko gazeti la karatasi halikuwahi kuwa kitu cha kila siku. Maputo, linakochapishwa gazeti la Notícias tangu 1926, iko zaidi ya kilomita 2,000 kusini, na lugha ya gazeti ni Kireno ilhali watu wa pwani huzungumza Kimwani, Kimakwe, Kimakonde na Kiswahili. Makala haya yanadai kwamba katika pwani hiyo uchunguzi ulizorota kwa sababu nyingine: aliondolewa mtu aliyekuwa daraja kati ya mwanakijiji na mhariri, yaani mwandishi wa wilayani.

Tuanze na Maputo, maana huko ndiko ulikozaliwa uandishi huo katika Msumbiji huru. Baada ya sheria ya vyombo vya habari ya 1991, waandishi kadhaa waliunda ushirika wa Mediacoop, na 1992 wakaanzisha Mediafax, gazeti dogo lililotumwa kwa wasomaji kwa faksi. Mhariri wake alikuwa Carlos Cardoso, ambaye 1997 alianzisha gazeti lake mwenyewe, Metical. Tarehe 22 Novemba 2000 Cardoso alipigwa risasi barabarani akiwa anafuatilia wizi wa dola milioni 14 hivi katika benki ya BCM. Watu 6 walihukumiwa kwa mauaji hayo mwaka 2003. Jambo lisilokumbukwa sana ni kwamba katika siku hizo hizo za Novemba 2000, mahabusu zaidi ya 80 walikufa kwa kukosa hewa katika selo ya polisi huko Montepuez, ndani ya Cabo Delgado. Mtu ambaye angeweza kulifuatilia jambo lile kwa ukali wake wote akawa naye amelala chini.

Cardoso, hata hivyo, alikuwa mtu wa mji mkuu. Aliyewasikiliza watu wa pwani ya kaskazini ni mtangazaji wa redio ya jamii: kijana wa hapo hapo, anayetangaza kwa lugha za wilaya, anayejua Kireno cha kutosha kumwandikia mhariri wa Maputo, na ambaye akipita sokoni anaitwa kwa jina. Uchunguzi wowote wa mbali husimama juu ya mabega ya mtu wa namna hii.

Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wapatao 30 walivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, na vita ikaanza. Utafiti wa Saide Habibe, Salvador Forquilha na João Pereira, uliochapishwa na taasisi ya IESE ya Maputo mwaka 2019, unaonyesha kwamba habari ilikuwapo kabla ya risasi ya kwanza. Wenyeji waliwajua vijana hao, waliona wakijitenga na kuwa na misikiti yao, na viongozi wa dini waligombana nao na kuwashtaki kwa serikali. Hii ndiyo aina ya habari ambayo mwandishi wa uchunguzi huishi nayo. Iliwafikia wasomaji kama utafiti wa kitaaluma, baada ya vijiji kuwaka.

Walipoanza kuandika, waandishi wa wilayani walikamatwa. Amade Abubacar wa redio ya jamii ya Nacedje, Macomia, alikamatwa tarehe 5 Januari 2019 akizungumza na familia zilizokimbia vijiji vyao. Alishikiliwa katika kambi ya jeshi Mueda, kisha akapelekwa gerezani Pemba. Mwenzake wa redio hiyo, Germano Adriano, alifuata Februari. Wote wawili waliachiwa tarehe 23 Aprili 2019. Palma mambo yalikuwa mabaya zaidi. Jioni ya tarehe 7 Aprili 2020 Ibraimo Mbaruco wa redio ya jamii ya mji huo alimtumia mwenzake ujumbe wa simu kwamba amezungukwa na wanajeshi. Hajaonekana tangu siku hiyo.

Msomaji wa Tanzania atakuwa ameshakumbuka jina jingine. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi aliyeripoti mauaji ya Kibiti na Rufiji, alichukuliwa tarehe 21 Novemba 2017, wiki zipatazo 7 baada ya shambulio la Mocímboa. Watafiti wengi wanaona uhusiano kati ya Kibiti na Cabo Delgado, kwani baada ya msako wa polisi baadhi ya wahusika wanaaminika kuvuka Ruvuma kwenda kusini. Hivyo basi, kaskazini ya mto na kusini yake walitoweka watu wawili ambao, kila mmoja kwa upande wake, walikuwa karibu zaidi na kisa kimoja. Sidai kwamba mkono uliowachukua ni mmoja. Nadai kwamba pengo waliloacha ni moja.

Sisi walimu wa lugha tunaweza kuliona pengo hilo ndani ya sentensi. Mwaka 2017 magazeti ya Kiswahili yalijaa kirai "watu wasiojulikana". Hiki ni kirai cha ajabu: kinajaza nafasi ya mtenda bila kumtaja mtenda, na chenyewe kimejengwa kwa kitenzi ambacho nacho hakisemi hao watu hawajulikani na nani. Na polisi? Na mhariri? Na jirani aliyewaona? Kusini ya mto msamiati wa serikali ulikuwa malfeitores, yaani wahalifu, neno ambalo nalo halina wilaya wala ukoo. Wanakijiji, kwa upande wao, walisema "mashababi" na waliweza kutaja nani ni mtoto wa nani. Mwandishi wa wilayani ndiye aliyekuwa akigeuza maneno ya wanakijiji kuwa sentensi yenye mtenda. Bila yeye gazeti hubaki na kauli ya kutendwa: waliuawa, zilichomwa, walichukuliwa.

Isidhaniwe kwamba magazeti yote yalilala. Machi 2020 Canal de Moçambique lilichapisha habari za mkataba wa siri wa ulinzi uliozihusu wizara mbili na makampuni ya gesi ya Palma. Wahariri wake wakashtakiwa kwa kuvunja siri za dola, na usiku wa tarehe 23 Agosti 2020 ofisi zao zikachomwa moto. Lakini uchunguzi mwingi ulihamia ugenini. Madeni ya siri ya Msumbiji yalifichuliwa na Wall Street Journal mwaka 2016. Mwaka huo huo Estacio Valoi, Mmsumbiji, aliandika juu ya ukatili katika machimbo ya rubi ya Montepuez, lakini katika jarida la Marekani, Foreign Policy.

Mfano mzito zaidi ni wa Afungi, jirani kabisa na mji wa Palma. Septemba 2024 jarida la Politico lilichapisha makala ya Alex Perry iliyodai kwamba katikati ya 2021 wanajeshi wa Msumbiji waliwafungia raia ndani ya makontena kwenye lango la mradi wa gesi, wakawatesa na kuwaua wengi wao. Kampuni ya TotalEnergies ilisema haikuwa na habari ya jambo hilo, na Machi 2025 waendesha mashtaka wa Msumbiji walitangaza kufungua uchunguzi. Kutoka tukio hadi makala ni miaka 3. Mbaruco alikuwa ametoweka zaidi ya mwaka mmoja kabla ya tukio lenyewe, na mji wake ulishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, wakazi wakatawanyika. Makala yalipotoka yalikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo si ya Palma wala ya Maputo.

Januari 2025 alitoweka mwingine: Arlindo Chissale, mhariri wa Pinnacle News, chombo cha mtandaoni kilichokuwa kikiandika habari za Cabo Delgado.