Meno Yetu na Mlima Uliovunjika

Mwezi wa sita mwaka huu binti yangu aling'oka jino lake la kwanza. Alilitupa juu ya bati kama tulivyofanya sisi utotoni, akaomba apewe jipya, kisha akakimbilia michezo yake. Mimi nikabaki uani nautazama Meru. Kwa wasioijua Terrat, ni kata iliyo kusini mwa Jiji la Arusha, kule ambako nyumba zinaanza kuachana, kijani cha mjini kinageuka vumbi, na punda wanapita na madumu ya maji mgongoni. Asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, mlima unaonekana wote. Unaonekana mzima kabisa, kama pembetatu aliyoichora mtoto.

Huo uzima ni uongo, nitaeleza. Lakini nianze na meno.

Meno yangu ya mbele ni ya kahawia. Nilipokuwa mdogo sikujua kwamba ni kitu cha kuonea aibu, maana karibu kila mtoto niliyecheza naye alikuwa nayo. Nilikuja kujua nilipokwenda Dar es Salaam kusoma. Jamaa tuliyepangwa naye chumba kimoja, mtu wa Mtwara, alivumilia siku tatu ndipo akauliza kwa upole, "Ndugu yangu, ugoro ulianza lini?" Baadaye, katika usaili wa kazi kwenye hoteli moja ya kitalii, niliambiwa kwamba mapokezi wanamtaka mtu "mwenye tabasamu". Tangu hapo nikajifunza kucheka mdomo ukiwa umefungwa. Tafuta picha zangu za harusi, utadhani nilikuwa msibani.

Maelezo tuliyopewa utotoni yalikuwa mengi. Wengine walisema ni sukari. Wengine walisema ni uchafu, na mwalimu mmoja wa zamu, ambaye hakuzaliwa upande huu, alikuwa akitukagua kucha na meno mstarini, kisha anatuchapa na kutuamuru tusugue kwa mkaa na mchanga. Tulisugua hadi fizi zikatoka damu. Yeyo, yaani mama yangu, alisema ni magadi. Katika wote, yeye peke yake alikuwa ameukaribia ukweli. Magadi tunayotia kwenye maharage na makande yapike haraka hubeba kitu kilekile kilichomo majini, na watafiti wameyataja kama njia mojawapo kinavyoingia mwilini. Ila hakuna aliyenyoosha kidole kuelekea mlimani.

Na shuleni tulisoma jiografia, tena kwa bidii! Nilizijua fiodi za Norway. Niliweza kuchora jinsi mto unavyojipinda hadi ukaacha ziwa la umbo la kwato. Nilieleza faida za mradi wa Bonde la Tennessee kule Marekani kana kwamba nilikwenda kufanya kazi huko. Mlima Meru ulitajwa kwa sentensi moja: volkano, mita 4,566, wa pili kwa urefu Tanzania. Basi. Tukafungua ukurasa mwingine.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu nilipofika Momella mara ya kwanza, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, upande wa mashariki wa mlima. Niligeuka kuutazama Meru na nikadhani tumepotea. Ule haukuwa mlima wangu. Ulikuwa umefunguka kama chungu kilichovunjwa ubavu. Mbele yangu kulikuwa na ukuta wa mwamba unaoshuka wima kutoka kileleni, na katikati ya pengo kilima cha majivu chenye umbo la pia iliyopinduliwa. Upande mzima wa mlima haukuwepo.

Swali la kawaida ni hili: ulikwenda wapi? Jibu ni kwamba nilikuwa nimeukanyaga. Miaka elfu nane au tisa hivi iliyopita, ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka na kumwagika kuelekea Kilimanjaro. Vile vilima vidogo vidogo vilivyotapakaa Momella, ambavyo mtalii hupiga picha akiwafuata twiga, ni mabonge ya mlima. Mabonde katikati yake yalijaa maji, yakawa maziwa ya Momella: Tulusia, Rishateni na wenzao, kila moja na rangi yake kwa sababu kila moja lina mchanganyiko wake wa chumvi. Heroe wanafurahi humo. Binadamu hawezi kuyanywa. (Wapenzi wa sinema za zamani huenda wameiona sehemu hiyo bila kujua: ndiko ilikopigwa *Hatari!* ya John Wayne, iliyotoka 1962.)

Wanasayansi wenyewe walichelewa kulielewa vizuri tukio la namna hii. Tarehe 18 Mei 1980 ubavu wa kaskazini wa mlima St. Helens, Marekani, uliporomoka mchana kweupe mbele ya kamera, na volkano ikalipuka kupitia pengo lile. Baada ya hapo wataalamu walianza kuzitazama upya volkano nyingine duniani zenye pengo na vilima vya ajabu miguuni. Meru wetu ulikuwa umekaa hivyo kwa maelfu ya miaka, na haukuwa umekwisha. Mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910, wakati wa Mjerumani, siku ambazo boma la Arusha lilikuwa na miaka kumi tu.

Sasa turudi mdomoni mwangu. Miamba na majivu ya Meru ni ya aina yenye sodiamu nyingi na floridi nyingi, na kalsiamu yake ni kidogo. Jambo hilo la kalsiamu ndilo lenye kesi. Mahali penye kalsiamu ya kutosha majini, floridi hushikwa nayo, ikaganda na kubaki ardhini. Hapa kwetu haina wa kuishika. Mvua inanyesha mlimani, maji yanazama, yanapita taratibu katika majivu ya zamani yakiokota floridi njiani, hadi yanapotokea kwenye chemchemi au kisima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Mto Engare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki, umepimwa ukakutwa na zaidi ya mara kumi ya hapo. Floridi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ukichemsha maji haiondoki, inabaki palepale wakati maji yanapungua. Yeyo alichemsha maji yetu kila jioni ya utoto wangu.

Wazee hawakuwa vipofu lakini. Walisoma maji kwa macho waliyokuwa nayo na wakayaandika kwenye majina. Engare Nanyuki ni Kimaasai, maana yake maji mekundu. Ukienda kwa barabara ya Moshi, baada ya Usa River unakutana na Maji ya Chai, jina la Kiswahili lisilohitaji tafsiri: mto wake una rangi hiyo. Mahali pote pawili watu wameumia kwa floridi kuliko sisi wa Terrat. Kule madaktari wameandika habari za watoto waliopinda miguu, si meno tu. Jina lilionya kuhusu rangi, mdhuru akapita chini yake bila kuonekana.

Na Engare Nanyuki hiyohiyo ndiyo iliyofika New York. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza ilianza kuwahamisha Wameru huko kwa nguvu, watu karibu 3,000, ili ardhi ipewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, watu wakapelekwa Kingori. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, kijana wa Kimeru, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Hakurudishiwa ardhi kwa kura ile, lakini kesi ya ardhi ya Meru ikawa somo kwa waliokuja kuunda TANU miaka miwili baadaye. Kesi hii nimeisoma mara nyingi, na kila mara najikuta nafikiria vinywa vya watu wale. Walipigania malisho na makaburi ya wazazi wao, mali yao halali, na mto uliokuwa ukiwaumiza ulikuwa sehemu ya mali hiyo. Sioni ubishi ndani yake. Nyumbani ni nyumbani hata maji yake yakikuuma.

Kilichonituliza, wa kuamini aamini, ni historia ya mji wa mbali. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana aitwaye Frederick McKay alifungua kazi Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia. Aliwauliza sababu. Wakamwambia ni kula nguruwe kupita kiasi, wengine maziwa mabaya. Nilicheka peke yangu niliposoma hapo, na safari hii mdomo wazi. McKay aligundua jambo moja la maana: waliohamia mjini wakiwa watu wazima hawakupata doa lolote. Ni waliozaliwa au kukulia pale tu. Akashuku maji, lakini vipimo vya wakati ule havikuona kitu. Ilichukua miaka thelathini, hadi 1931, ambapo mkemia H. V. Churchill wa kampuni ya alumini alipima maji ya mji wa Bauxite, jimbo la Arkansas, akaikuta floridi.

Kwa nini watoto tu? Kwa sababu floridi huharibu lile tabaka gumu la nje ya jino wakati jino bado linajengwa ndani ya ufizi. Likishamaliza kujengwa, hata unywe ziwa zima, haliandikwi tena. Maana yake jino la mbele unaloliona kwa mtu wa miaka arobaini ni kumbukumbu ya maji aliyokunywa akiwa na mwaka mmoja, miwili, mitatu. Sijui hati nyingine ya historia inayotunzwa vizuri hivyo.

Siku hizi mambo yanabadilika. Ngurdoto kuna kituo cha Wizara ya Maji ambacho kwa miaka mingi kimechuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa ina kalsiamu, kwa hiyo inafanya kazi ambayo mlima ulishindwa kuifanya. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha alitengeneza chujio lililoshinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi mwaka 2015. Na ule mradi mkubwa wa maji wa jiji, wa shilingi bilioni 520, umelaza mabomba mapya mitaani. Yote hayo nayashukuru. Ila bomba likifika mtaa wa pili halijafika kwako.

Hesabu yangu ndiyo hii. Binti yangu ana miaka sita. Jino linalokuja lilijengwa alipokuwa mchanga hadi miaka minne hivi. Miaka hiyo nilikuwa nanunua maji ya kunywa ya madumu, yaliyochujwa, kila nilipokuwa na hela. Kulikuwa na miezi sikuwa na hela. Ule mwaka wa korona, biashara ya utalii ilipolala na mimi nikalala nayo, tulikunywa kisima kama kila mtu, na uji wake ulikorogwa kwa maji hayohayo. Sikumwambia mke wangu nilichokuwa nakijua. Aligundua mwenyewe kwa kuangalia dumu lisilo na kizibo kipya. Tuligombana, kisha tukaendelea kukinywa, maana tungefanyaje?

Wiki iliyopita ncha imejitokeza. Binti anaiangalia kila asubuhi kwenye kioo cha pikipiki yangu, anavuta mdomo wa chini kwa kidole, ananiita nije nione. Yeyo aliinama, akavaa miwani, akasema ni jeupe, sana tu, kama chaki. Akafurahi. Mimi nimesoma zaidi ya inavyonifaa, najua kwamba jino lililoguswa na floridi nalo mara nyingi hutokeza jeupe kama chaki, kahawia huja taratibu baadaye. Nikamwambia binti ni zuri. Akacheka, mdomo wote wazi, akauliza kama la pili litatoka kabla ya Krismasi.