Asiyekubali Kushindwa: Mji wa Odessa na Vijana Wake wa 1988

Wahenga wetu walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii twaitaja viwanjani, twaitaja pia katika majibizano ya washairi, na aghalabu huelekezwa kwa yule aliyeshindwa, ili atulize moyo na ampe mwenzake mkono. Ni nadra kuulizwa swali la pili: ikiwa waliocheza wamekubali, ila mji uliowatuma haukukubali, ni nani basi asiyekuwa mshindani? Swali hilo ndilo lililonifanya niisome upya historia ya timu moja ya shule ya sekondari huko Texas, Marekani, na mashindano yake ya mwaka 1988.

Kwanza nimweleze msomaji kwamba mpira ninaousimulia si kandanda tuliyoizoea. Ni ule mpira wa Kimarekani, wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi na kurushwa, na wachezaji wake huvaa kofia ngumu na mabega ya kukinga mapigo. Katika Texas, mpira huu wa shule huchezwa Ijumaa usiku, chini ya taa. Timu hupangwa katika makundi ya ujirani, hucheza wiki kumi za kawaida, kisha zilizoongoza huingia katika mtoano wa kuwania ubingwa wa jimbo. Katika mtoano hakuna marudiano: anayefungwa mara moja hurudi nyumbani. Kwa vijana walio katika mwaka wao wa mwisho wa masomo, kurudi nyumbani huko ni kwa daima, kwani wengi wao hawatavaa tena jezi ya timu yoyote.

Odessa ulianza mwaka 1881 kama kituo cha reli katika nyika ya magharibi mwa Texas, mahali pa upepo, vumbi na ardhi iliyo bapa hadi machweo. Mwaka 1926 mafuta yalipatikana katika wilaya yake, na tokea hapo riziki ya mji ikafungamana na bei ya pipa. Bei ilipopanda, watu walimiminika kutoka kila upande kutafuta kazi visimani. Iliposhuka, walifungasha wakaondoka. Mji wa namna hii huwa na shida ya kujijua. Hauna bandari, hauna majumba ya kale, wala hauna kaburi la mtukufu linalozuriwa. Basi ulitafuta kitu cha kujivunia ambacho bei ya mafuta haikuweza kukipokonya, nao ukakipata katika miguu na mabega ya watoto wake.

Mwaka 1946 shule ya Odessa High ilitwaa ubingwa wa jimbo, na furaha yake ikasimuliwa kwa miaka mingi. Mwaka 1959 ikafunguliwa shule ya pili, Permian, upande wa mashariki ya mji, na haikuchukua muda kuipiku ile ya kwanza. Permian ikawa bingwa wa Texas mwaka 1965, ikarudia mwaka 1972 na 1980, na mwaka 1984 ikagawana ubingwa na shule ya French ya mji wa Beaumont baada ya kutoka sare katika fainali. Jezi nyeusi na nyeupe za Permian zikatia hofu pande zote za magharibi, na mashabiki wake wakawa na neno lao moja la kuimba, Mojo, ambalo kwa mgeni halina maana na kwa mwenyeji lilikuwa na maana zote.

Mwaka 1982 mji ulifungua uwanja mpya kwa gharama ya dola milioni 5.6, wenye nafasi za watu zaidi ya 19,000. Wakazi wote wa mji hawakuzidi sana 90,000, kwa hiyo mtu mmoja katika kila watano angeweza kuketi humo Ijumaa moja. Uwanja ulijengwa wakati mafuta yalipokuwa na thamani kubwa. Lakini kiti kilikuwa hakijapoa. Mwaka 1983 benki kubwa ya Midland, mji jirani, ilifilisika, na mwaka 1986 bei ya pipa ilianguka hadi karibu dola kumi. Mitambo ya kuchimbia ikalazwa, nyumba zikakosa wanunuzi, na wanaume waliokuwa wakilipwa vizuri wakabaki kuhesabu madeni. Uwanja peke yake ndio uliobaki kujaa. Kadiri mambo mengine yalivyozidi kuporomoka, ndivyo mji ulivyozidi kuwaegemea vijana wa Permian.

Haifai tukaitaja fahari hiyo bila kuutaja upande wake wa pili. Odessa ulikuwa mji uliokatwa na njia ya reli: kusini mwake waliishi Wamarekani weusi na wenye asili ya Meksiko, na kaskazini wazungu. Mahakama Kuu ya Marekani ilipiga marufuku kutenganisha wanafunzi kwa rangi mwaka 1954. Odessa haukuchanganya shule zake za sekondari kwa ukamilifu hadi mwaka 1982, kwa amri ya mahakama. Shule ya Ector ya upande wa kusini ilifungwa, na wanafunzi wake wakagawanywa kati ya Permian na Odessa High. Walikuwapo waliohisi kwamba kijana mweusi alikaribishwa kaskazini kwa kadiri ya kasi ya miguu yake.

Katika msimu wa 1988 miguu yenye kasi kupita yote ilikuwa ya James Miles, aliyejulikana kwa jina la utani la Boobie. Vyuo vikuu vikubwa vilikuwa vikimwandikia barua, na yeye mwenyewe hakuwa na shaka kwamba siku moja angecheza ligi ya kulipwa. Mwezi wa Agosti, katika mchezo wa majaribio hata kabla msimu haujaanza, goti lake liliumia. Mguu ulinasa katika nyasi bandia, mwili ukageuka, mguu usigeuke nao. Nafasi yake akachukua kijana mwingine, akacheza vyema, na mashangilio yakahamia kwake. Miles alirejea baadaye kwa nafasi ya akiba, kisha akaiacha timu kabla msimu haujakwisha. Ligi ya kulipwa hakuifikia. Msomaji na apime mwenyewe ni kwa wepesi gani uwanja ulimsahau yule uliyemtukuza.

Timu iliendelea chini ya kocha wake, Gary Gaines. Ilipokwenda kucheza na Marshall, mbali mashariki mwa Texas, ilisafiri kwa ndege ya kukodi, nayo ikafungwa kwa tofauti ya pointi moja. Kisha ikafungwa tena kwa pointi moja, 22 kwa 21, na Midland Lee, hasimu wa jirani. Usiku ule Gaines alirudi nyumbani akakuta mabango ya kuuza nyumba yamechomekwa katika bustani yake. Hapakuwa na haja ya maandishi mengine: mji ulikuwa ukimwambia afungashe.

Wiki za kawaida zilipokwisha, timu tatu zilikuwa zimelingana: Permian, Midland Lee na Midland High. Nafasi za kuingia katika mtoano zilikuwa mbili. Kanuni iliamuru shilingi irushwe. Basi makocha watatu wakakutana usiku wa manane katika kituo cha malori, kila mmoja na sarafu yake, ili yule ambaye sarafu yake ingeangukia upande usiofanana na wenziwe atoke. Miezi ya mazoezi, jasho la Agosti, mifupa iliyoteguka, yote yaliwekwa juu ya kipande cha madini kinachozunguka hewani. Midland High ndiyo iliyobaki nje. Vijana wake walikuwa wamefanya yote waliyotakiwa kufanya, wakatolewa na kitu ambacho hakuna mazoezi yanayoweza kukishinda.

Permian ikaivuka mitihani minne ya mtoano, ikafika nusu fainali. Tarehe 17 Desemba 1988, katika uwanja wa chuo kikuu mjini Austin, chini ya mvua, ilikutana na shule ya Carter ya Dallas, ambayo wachezaji wake walikuwa weusi. Carter ilishinda kwa pointi 14 kwa 9. Vijana wa Permian walilia juu ya nyasi zilizorowa, kisha wakarudi magharibi. Wakati huo Carter yenyewe ilikuwa ikicheza huku kesi ikiinyemelea. Sheria ya Texas ya mwaka 1984 ilimkataza mwanafunzi aliyeanguka katika somo lolote kucheza, na maksi za aljebra za mchezaji mmoja wa Carter zilikuwa zikibishaniwa na walimu, wakuu wa elimu na mawakili. Mahakama iliiruhusu shule iendelee. Ikaendelea, ikaifunga Converse Judson katika fainali, ikavikwa taji.

Taji hilo halikudumu. Baadaye Carter ilivuliwa ubingwa kwa sababu ya maksi zile zile, na ubingwa wa 1988 ukaandikwa kwa jina la Judson, waliokuwa wamefungwa uwanjani. Na kabla ya hapo, mwaka 1989, baadhi ya vijana wa Carter waliokuwa wakishangiliwa na kuahidiwa ufadhili wa masomo vyuoni walikamatwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, wakahukumiwa vifungo virefu. Watu wazima walipigania kwa bidii haki ya kijana kucheza Ijumaa. Somo lenyewe la aljebra halikupata watetezi wengi kiasi hicho.

Permian haikukaa chini. Mwaka 1989 ilishinda michezo yote 16, ikawa bingwa wa jimbo, na Gaines, yule aliyechomekewa mabango, akaondoka kwa heshima kwenda kufundisha chuoni. Mwaka 1990 Permian ilizuiwa kushiriki mtoano kwa kuvunja kanuni za mazoezi. Mwaka 1991 ikatwaa ubingwa tena. Huo ulikuwa wa mwisho kwa miongo mingi iliyofuata. Mafuta yalirudi kwa wingi katika nyika ile katika miaka ya 2010, lakini taji halikurudi pamoja nayo. Gaines mwenyewe aliitwa tena mwaka 2009, akafundisha hadi 2012 bila ya kombe. Alifariki mwaka 2022, na walewale wa Odessa wakamlilia kama mtu wao.

Hata hivyo, si mabingwa wa 1965 wala wa 1989 wanaojulikana duniani. Mwandishi wa habari H. G. Bissinger alihamia Odessa mwaka 1988 na kuishi na timu msimu mzima. Kitabu chake, Friday Night Lights, kilitoka mwaka 1990, kikazaa filamu mwaka 2004 na baadaye tamthilia ya televisheni. Humo aliandika kwamba fedha zilizotumika kwa dawa na bandeji za timu zilizidi zile za vifaa vya kufundishia idara ya Kiingereza, na aliyasema wazi maneno ya ubaguzi aliyoyasikia. Mji ulikasirika. Vitisho vikatolewa, na ziara yake ya kukitangaza kitabu mjini humo ikafutwa. Miaka ikapita, hasira zikapoa, na kikosi kile kilichofungwa kwa pointi tano katika mvua ndicho kilichobaki katika kumbukumbu za watu.

Hapo narudi kwenye methali yetu. Vijana wa 1988 walikubali kushindwa siku ile ile, kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Kengele ya shule iliwangoja Jumatatu. Aliyekataa ni mji, uliotaka watoto wa miaka 17 wauponye jeraha ambalo bei ya mafuta ililifungua. Nasi tulio mbali na nyika ile, tunaoshangilia vikosi vya mitaa na shule zetu kwa sauti isiyo ndogo kuliko yao, tusiharakishe kuwacheka. Kila tunapomvika kijana heshima yetu yote na kumtuma uwanjani, inatupasa tujiulize iwapo tumempa pia kitu cha kurudi nacho, siku atakapotoka humo akichechemea na taa zimekwisha kuzimwa.